Mtuhumiwa, Mshtakiwa, Mhukumiwa: Uhakiki wa Majina Aliyopewa Kijana wa Bungoma

Kiswahili kina majina matatu ya mtu aliyeingia mikononi mwa sheria: mtuhumiwa, mshtakiwa na mhukumiwa. Yote matatu yametokana na vitenzi vya kauli ya kutendwa. Aliyetuhumiwa yuko aliyemtuhumu. Aliyeshtakiwa yuko aliyemshtaki. Aliyehukumiwa yuko aliyemhukumu baada ya kusikiliza pande mbili. Kwa hiyo ndani ya kila jina amejificha mtu wa pili, naye aweza kuulizwa: wajuaje? Majina kama muuaji na mnyonya damu ni ya kutenda. Mtendaji husimama peke yake na tendo lake, na hapana wa kuulizwa.

Tofauti hii si ya sarufi tupu. Mwezi Julai 2021 polisi wa Kenya walimkamata Masten Wanjala, kijana wa miaka 20, ambaye kwa maelezo yao alikiri kuwateka nyara na kuwaua watoto wapatao kumi au zaidi. Idara ya upelelezi ilimtangaza kwa umma kuwa mnyonya damu. Tarehe 13 Oktoba alitoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Siku mbili baadaye aliuawa na umati wa watu huko Bungoma. Kwa mkazi wa Lumakanda, katika Kaunti ya Kakamega, hayo hayakuwa mambo ya mbali, maana Lugari na Bungoma hupakana. Wengi wangemwita kijana huyo mhukumiwa, lakini hapana mahakama iliyompa jina hilo.

Jina alilopewa lina ukoo mrefu. Katika masimulizi ya Afrika Mashariki mumiani ndiye mtu anayewavizia wenzake usiku awatoe damu, na Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi uvumi wa namna hiyo ulivyoenea wakati wa ukoloni. Wasimulizi waliutumia kuelezea hofu yao juu ya watu wenye nguvu. Idara ya serikali inapolichukua neno la uvumi na kulitia katika taarifa yake, uvumi hupata muhuri.

Upatanisho wa kisarufi nao hushuhudia jambo hilo. Mtu huyu ameuawa, husema msemaji; lakini akisema jitu hili limeuawa, amekwisha kumtoa marehemu katika ngeli ya watu. Haiwezi kudaiwa kwamba neno ndilo lililoua. Hata hivyo, neno lilikuwa limetangulia na kuifanya kazi nusu.

Yaelekea msomaji atapinga: je, hakukiri mwenyewe? Jibu ni kwamba ungamo mbele ya polisi si hukumu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka kinyume chake kithibitishwe. Hata baada ya kuthibitishwa, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo kwa kosa la kuua haiwezi kuwa ya lazima. Muuaji naye asikilizwe kabla ya kupimiwa adhabu.

Fasihi ililifahamu jambo hili mapema. Katika riwaya ya Dunia Uwanja wa Fujo (1975) Euphrase Kezilahabi alimsawiri Tumaini, kijana anayemuua mkuu wa wilaya na kuhukumiwa kifo. Msomaji hapewi nafasi ya kumwona Tumaini kuwa zimwi. Amekwisha kujua jinsi alivyoithamini mali yake na alivyoona kuipoteza ni kupotewa na maisha. Anapohukumiwa, msomaji ajua ni nani anayekufa na kwa sababu gani, wala kujua huko hakulipunguzi kosa.

Katika mambo ya Bungoma kujua huko ndiko kulikokosekana, na hasara haikumwangukia kijana peke yake. Wazazi wa watoto waliouawa walistahili kuusikia ushahidi wote mbele ya jaji, shahidi kwa shahidi: mtoto alichukuliwaje, na ni nani aliyeonywa asitende neno. Zimwi halishtakiwi, wala halitoi maelezo. Mwandishi wa habari anayeandika mshtakiwa hamtetei muuaji. Anawalindia wafiwa haki ya kujua.