Fundi wa Kukataa

Seremala atakuonyesha kitanda. Fundi anayekagua gari kabla halijanunuliwa hana cha kuonyesha: kazi yake ikifana, mara nyingi gari linabaki pale pale na mnunuzi anarudi nyumbani na hela zake mfukoni. Ndiyo maana hasifiwi. Mimi namsifu.

Arua na Koboko zinamhitaji kuliko miji mingi. Mpaka wa Kongo uko Vurra, wa Sudan Kusini uko Oraba, na lami ya kilomita 92 inayounganisha mipaka hiyo inapita katika miji yote miwili. Uganda tunaendesha kushoto. Majirani hao wote wanaendesha kulia. Gari likihama nchi, usukani nao huweza kuhamishwa upande, na mwenye kuuhamisha hana haja ya kukutangazia. Fundi mwenye jicho hashughuliki na usukani wenyewe. Anatazama waipa kwanza, zimelala kuelekea upande gani, maana wengi huzisahau. Kisha anafungua boneti, anainama na tochi, anachunguza lile bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Tundu la zamani la shafti ya usukani huzibwa kwa kiraka, kikachomelewa na kupakwa rangi. Mchomeleo wa kiwandani umenyooka. Wa gereji una vinundu, na rangi haivimalizi.

Kabla ya hayo ameshaweka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kazi imeahirishwa. Injini iliyopashwa huficha moshi wa buluu wa oili inayoungua, huficha na ule mgongano wa sekunde za kwanza kabla oili haijapanda.

“Mzee, nimetoka kuliosha tu hapo,” muuzaji atasema.

“Vizuri, mwanangu. Tunywe chai, lipoe.”

Chai hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo nusu ya ufundi.

Kilomita za dashibodi hazimsumbui. Kuna watu kazi yao ni kuzirudisha nyuma. Yeye anatazama mpira wa pedali ya breki ulivyolika. Anavuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, kwa sababu vumbi jekundu na alama ya maji ya mafuriko hukaa pale muoshaji asipofika. Namba ya chasi anaisoma kwenye bati, herufi moja moja, mwenzake akifuata kwenye logibuku. Tangu 2018 sheria inazuia kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, basi makuukuu yaliyokwisha kuingia yanazunguka mikononi mwetu, na kila mkono umeongeza kiraka chake.

Mlipe sawasawa, gari linunuliwe lisinunuliwe. Anayepokea kitu kidogo kwa muuzaji, huyo ni dalali aliyeshika spana. Fundi wa kweli, wauzaji humnunia, humwita mharibu biashara, na wakitaka kununua la kwao wanamtuma mtoto akamwite.