Jalada Limefika, Kitabu Bado

Mwezi uliopita, pale kijiweni kwetu Chala, tuligombana karibu tupigane kwa ajili ya kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekisoma. Hakisomeki, kwa sababu hakijachapishwa, na kwa ninavyomfahamu mwandishi, sura ya mwisho hata hajaianza. Kilichotufikia ni picha ya jalada kwenye simu, pamoja na yale maneno machache ya sifa yanayokaa nyuma ya kitabu ili mnunuzi akishakigeuza asikirudishe mezani.

Mwandishi ni kijana wa hapa hapa Nkasi. Jina silitaji. Anaandika riwaya tatu fupi za sayansi, na zote zinaendeleza filamu ya roboti aliyoiona utotoni. Yaani pale filamu ilipokwishia ndipo yeye anapoanzia, ila roboti sasa inaangukia kwetu, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, usiku wa baridi, kwenye shamba la ulezi. Nilipoambiwa hivyo nilisisimka, siyo siri. Ndipo nikaliona jalada.

Ndugu msomaji, hebu nikuchoree. Kuna maghorofa ya vioo. Kuna mwezi mkubwa kama sinia. Kuna dada mmoja kavaa nguo iliyombana, kashika bunduki ambayo sijui risasi zake zinaingilia wapi. Kuna mwanamume wa chuma kageuza uso. Ufipa haimo. Ulezi haumo. Baridi yenyewe haimo, maana yule dada angekuwa huku kwetu mwezi wa saba na ile nguo, kesho yake angekuwa zahanati. Nyuma wameandika: "Dunia imebakiza saa 24 tu! Mtu mmoja ndiye anayeweza kuiokoa. Je, ataweza? Usikose!"

Mshikaji mmoja alilitetea jalada kwa nguvu zote. Alisema jalada ni chambo, na chambo hakifanani na mvuvi. Watu wanapenda maghorofa, wape maghorofa. Wakishanunua watakutana na ulezi humo ndani. Dada mmoja anayesomea ualimu akamuuliza: na yule anayependa ulezi, wewe utampata kwa chambo gani? Hapo kelele zikaanza.

Mimi nilinyamaza muda mrefu, na sababu nitaitoa baadaye. Kwanza turudi nyuma kidogo, maana wapo wanaodhani mchezo huu wa majalada umeanza na simu.

Riwaya zetu pendwa zimeishi kwa jalada na jina tangu zamani. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, maneno mawili yale yalitosha kabisa: simu unaijua, kifo unakijua, sasa vimekutana vipi? Elvis Musiba akaja na Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, na Willy Gamba wake anayeruka kutoka jiji hadi jiji. Wahakiki walimsema Gamba kwamba ni James Bond aliyepakwa rangi. Sawa, lakini tazama mkataba wake na msomaji. Anakuahidi jasusi, ndege, hoteli na kisasi, nawe ukifungua unakuta jasusi, ndege, hoteli na kisasi. Musiba, aliyefariki mwaka 2010, hakumwibia mtu nauli.

Fundi hasa wa jambo hili, kwa maoni yangu, alikuwa Ben Mtobwa, jirani yetu wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008. Mtobwa hakuhitaji mtu wa kumwandikia maneno ya nyuma. Majina ya vitabu vyake yanafanya kazi yote. Chukua Lazima Ufe Joram. Nani anasema? Siyo msimulizi. Ni adui, anaongea na shujaa uso kwa uso, wewe msomaji umepita tu njiani ukamsikia. Halafu anamwita kwa jina, kana kwamba Joram Kiango ni mtu unayemjua tayari. Kama humjui, unajisikia mshamba, unanunua. Au Najisikia Kuua Tena. Uzito wote umekaa kwenye neno "tena". Bila hilo ni maneno ya mlevi. Nalo likiwepo, kuna maiti nyuma yetu ambayo hatukuiona. Na Tutarudi na Roho Zetu? ile alama ya kuuliza ndiyo bei ya kitabu. Mtobwa alijua kitu ambacho wengi wetu hatujakijua: swali zuri la jaladani ni lile ambalo watu waliomo ndani ya hadithi wanajiuliza wenyewe. "Je, ataweza?" hakuna anayejiuliza. Hilo ni swali la muuza vitabu.

Sasa riwaya za sayansi. Hapa ugumu unaongezeka, kwa sababu kwa Kiswahili hatuna rafu ndefu ya hadithi hizi ambayo msomaji ameshaizoea. Bastola jaladani kila mtu anaielewa. Chombo cha angani je? Mfano ninaoupenda ni Walenisi ya marehemu Katama Mkangi, iliyotoka Kenya mwaka 1995. Mtu anaitwa Dzombo anahukumiwa, anatiwa kwenye chombo cha kumrusha angani ili apotelee huko, naye anajifunza kukiendesha na kutua kwenye dunia nyingine iitwayo Walenisi. Jina hilo ukilisoma mara ya kwanza unadhani ni sayari tu, kama Zebaki au Zuhura. Ukilisoma taratibu linakatika lenyewe mkononi: wale ni sisi. Mimi lilinikatikia nikiwa nimeshafika mbali katika kitabu, nikakifunga, nikakaa. Fikiria sasa kama kuna mtu angeniandikia nyuma ya jalada kwamba sayari hii kumbe ni sisi wenyewe! Angeniibia hiyo jioni yangu nzima. Kwa hiyo maneno ya nyuma yana dhambi mbili zisizofanana. Kuna kudanganya, na kuna kuropoka. Ya pili inasamehewa mno.

Kuna upande wa tatu, wa vitabu ambavyo sijui hata mimi ningeviandikia nini. Nagona ya Kezilahabi (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, unaviweka mfukoni. Mtu akiambiwa ni vya ajabu ajabu, vya safari katika dunia isiyo hii, atadhani kapata cha kusomea kwenye basi la kwenda Sumbawanga. Atafika Sumbawanga hajajua kaanza wapi. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) nayo inazunguka dunia nzima kumtafuta mtu anayejulikana kwa herufi mbili, P.P.; ile nukta ya mshangao na kile kistari katikati ya jina vinakuonya mapema kwamba mambo humo yamekatwa na kuungwa. Hilo ni onyo la haki.

Watetezi wa maghorofa walinitupia Marekani. Wakasema, wenzetu kule jalada linatangulia na watu wanapanga foleni. Ni kweli, lakini tuitazame hiyo kweli vizuri. Kitabu cha Star Wars kilitoka mwishoni mwa mwaka 1976, na filamu yenyewe ikaonyeshwa Mei 1977. Kwa miezi kadhaa watu walikuwa na kitabu na jalada bila filamu. Jalada lile lilichorwa na Ralph McQuarrie, na McQuarrie ndiye aliyekuwa ameichorea filamu picha zake za awali, mavazi na mandhari, kabla kamera hazijawashwa. Aliyechora jalada alikuwa anaijua dunia ile kutoka ndani, pengine kuliko waigizaji. Kwa hiyo picha ilisema kweli. Kilichodanganya ni jina! Jaladani iliandikwa George Lucas, na aliyeketi akaandika ni Alan Dean Foster. Sisi tumefanya kinyume chake: jina la mwandishi ni la kweli, picha ni ya kuazima.

Na kuna kisa cha mwaka 2009 ambacho yule dada wa ualimu alikuwa hakijui. Nilipomsimulia alipiga meza. Mwandishi wa Australia, Justine Larbalestier, aliandika riwaya iitwayo Liar. Msichana anayesimulia, Micah, ana damu ya Kiafrika na nywele fupi za kipilipili. Mchapishaji wa Marekani akaandaa jalada lenye msichana mzungu, nywele ndefu zimenyooka. Nakala za awali zikasambazwa kwa watu wasome kabla kitabu hakijaingia madukani, nao wakaona kinachosemwa ndani na kinachoonyeshwa nje haviendani. Wakapiga kelele, mwandishi mwenyewe akasema hadharani kwamba hakulitaka jalada lile, na mchapishaji akalibadilisha kabla ya siku ya kutoka. Zingatieni jambo moja, jamani: wale waliweza kulalamika kwa sababu walikuwa wamesoma. Sisi kijiweni tulikuwa na picha tu. Nusu ya kelele zetu ilikuwa ubishi wa mpira.

Tena tusijifanye hatuna jadi yetu ya maneno ya nyuma. Tunayo, ilikuwa imeandikwa kwa chaki. Wanaokumbuka mabanda ya video wanakumbuka ule ubao wa mlangoni: jina la filamu limekosewa herufi, chini yake mstari mmoja wa kumalizia mtu. Ndani mlikuwa na kanda zilizotafsiriwa, na sauti ya Lufufu ikiwaeleza watu wa Hollywood kwa Kiswahili cha mtaani, akiwapa majina, akiwakaripia, akituambia nani mshenzi kabla hajajionyesha. Mwandishi wetu alizaliwa humo. Roboti yake haikuja kwa Kiingereza, ilikuja na sauti ya mtu anayechekesha. Nimesoma kurasa zake arobaini sasa, nami nakuambia sauti hiyo imo. Roboti ikianguka, bibi mwenye shamba anaiuliza imetumwa na nani, maana hapa kwetu kitu hakianguki usiku bila kutumwa. Ukurasa ule ni mzuri kuliko vyote nilivyosoma mwaka huu kutoka kwa kijana wa rika letu.

Nimesema "sasa". Hapo ndipo sababu ya kunyamaza kwangu. Yale maneno ya saa 24 niliyaandika mimi. Aliniomba, akaninunulia soda, nikayaandika kwa dakika kumi bila kufungua hata ukurasa mmoja. Nikachukua yale yale yaliyoko nyuma ya kila kitabu nilichowahi kukishika. Dunia haijabakiza saa 24 katika hadithi yake. Hakuna anayeiokoa dunia. Kuna bibi anayetaka kujua nani atalipa ulezi uliopondwa, na kuna kijana anayetaka kuiuza ile roboti kama chuma chakavu, na mgongano wao ndio riwaya. Maneno yangu yangempelekea wasomaji ambao wangemchukia ukurasa wa tano, na wale ambao wangempenda wangepita mezani bila kugeuza shingo. Kijana mwenyewe ataichapisha kwa fedha ya mahindi. Asipouza cha kwanza, cha pili na cha tatu havitakuwapo.

Nilikiri pale pale, nikachekwa vya kutosha, tukaendelea. Maneno mapya nimejaribu hivi: "Kimeanguka shambani kwa bibi usiku, kimeponda ulezi, na hakijui kuomba radhi." Mwandishi anaona ni mafupi mno. Mshikaji wa chambo anasema hayatauza hata nakala tatu. Dada wa ualimu anataka neno "bibi" litangulie. Bado tunabishana, ila safari hii kila mmoja kapewa zile kurasa arobaini kwanza.

Kuhusu picha, mimi nilitoa wazo la malungu. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwa matanuru marefu ya udongo, marefu kuliko mtu, yanayovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Kisha chuma kile kikasafishwa mara ya pili katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi hiyo iliachwa katika karne ya 20, lakini mabaki yapo. Weka roboti iliyolala kando ya ilungu, alfajiri, ukungu chini. Chuma kilichotoka angani na chuma kilichotoka udongoni. Mwandishi alikaa kimya, halafu akasema hilo halimo kwenye hadithi yake. Nikamwambia basi tusilichore, tusije tukarudia kosa lile lile kwa sura ya kizalendo. Akasema ngoja kwanza, huenda likaingia sura ya tatu.

Fundi anayeandika mabango ya maduka amekubali kutuchorea kwa mkono. Hajawahi kuona ilungu. Jumamosi tunampeleka porini kuliangalia, na mwandishi anakuja na daftari.