Kurudi Kitandani

Kuchoma sindano mtu hujifunza kwa wiki chache. Mkono ukishazoea, umezoea. Ndiyo maana sisi tunaokaa kwenye mabenchi kusubiri kuitwa huwa tunampima nesi kwa jambo moja tu: "Yule sista ana mkono mwepesi." Mkono mwepesi ni neema, siukatai. Ila ufundi wa kutoa dawa uko kabla ya sindano, na zaidi uko baada yake, pale nesi anaporudi kitandani bila kuitwa.

Huku Kaisho, wilayani Kyerwa, kwenye vilima vya migomba na kahawa, kabla hujateremka Murongo kwenye Mto Kagera na Uganda ng'ambo, ufundi huo huonekana vizuri msimu wa mvua, malaria inapojaza wodi za watoto. Mtoto analetwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya mama na dereva, amelegea, degedege imempata njiani. Kila mtu anataka achomwe haraka. Nesi anampeleka kwanza kwenye mizani.

Hapo ndugu hukasirika. Lakini artesuneti, dawa ya malaria kali, haikadiriwi kwa macho. Aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Aliyefika hapo au kuzidi, 2.4. Naam, mdogo hupata nyingi zaidi kwa kilo. Tuseme mizani imesoma 12: ni miligramu 36. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Unayeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, unatikiswa mpaka uwe mwangavu, kisha zinaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kwa ajili ya mshipa. Sasa kila mililita imebeba miligramu 10, na mtoto anahitaji 3.6, ambazo jedwali linazipandisha kuwa 4. Dawa hiyo haiwekwi kiporo. Saa moja ikipita haijatumika, inamwagwa. Hesabu ya shule ya msingi, utasema. Haya, ifanye saa tisa za usiku, mama analia, taa ya sola inafifia, halafu itamke kwa sauti ili mwenzako naye aihakiki.

Vyuoni wanafundishwa mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. La kwanza huonekana la mzaha mpaka uwe na kina Mugisha wawili katika wodi moja. Nesi mzoefu haulizi, "Huyu ni Mugisha?", kwa sababu mama aliyekesha atajibu ndiyo kwa swali lolote. Anauliza, "Mama, mtoto anaitwa nani? Ana umri gani?" kisha anatazama faili.

Waliofanya kazi enzi za kwinini wanajua jinsi kazi hii ilivyobadilika. Kwinini ya mshipa ilidondoshwa kwa saa nne, kila baada ya saa nane, nesi akihesabu matone, na ilikuwa na tabia ya kushusha sukari mwilini, hata mtoto akazimia wakati vimelea vinakufa. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza artesuneti kwa watoto. Mataifa nayo yakaanza kuhama. Matone yakapungua, kurudi kitandani hakukupungua: dozi ya pili baada ya saa 12, ya tatu ikitimia saa 24, na katikati yake joto, pumzi, sukari, mkojo kama umekuwa mweusi.

Lakini ukitaka kuuona ufundi huu katika kilele chake, toka wodi ya watoto uingie kwa wazazi, kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, dawa inayookoa na inayoweza kuzima pumzi ya yule yule iliyemwokoa. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata nesi anafanya mambo matatu. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima, zisipungue 16. Anapima mkojo kwenye mfuko. Usipungue mililita 30 kwa saa. Na anagonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, au kwa ubavu wa kiganja, kuona kama mguu unagutuka. Goti hunyamaza kabla ya pumzi. Nani angefikiri kwamba goti linaweza kuwa mlinzi wa mapafu? Likinyamaza, dozi inasimamishwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu, inapaswa kuwa tayari imewekwa karibu, ivutwe kwenye bomba pumzi ikikwama. Mimi nimewasikia watu wakisifu upasuaji kwa hadithi ndefu. Sijamsikia mtu akisifu goti lililogongwa kila baada ya saa nne usiku kucha.

Kuna kuuliza pia. Je, ametumia omubirizi, ile mitishamba michungu, nyumbani? Kuna dawa iliyowahi kumvimbisha uso? Maswali haya yanahitaji Kinyambo, lugha ya huku, na nesi aliyepangiwa kazi huku akitokea Tanga au Mbeya huyajifunza kabla hajajua kuagiza ndizi. Mzee anayepewa flajili anaambiwa waziwazi aiweke kando pombe ya rubisi mpaka siku chache zipite baada ya dozi kuisha, na asijitetee kwamba ni ya ndizi tu. Mama wa mtoto anayehamia dawa mseto anaelezwa: ya kwanza saa nne asubuhi hii, ya pili saa kumi na mbili jioni, kisha asubuhi na jioni, siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Dawa ikimletea mtu vipele au madhara mengine, nesi anajaza fomu ya njano iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hata kama mgonjwa ameshapona.

Siku hizi kumfuatilia mgonjwa baada ya dawa kuna uzito wa ziada kwetu. Utafiti uliofanyika Karagwe, wilaya ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, umeonyesha vimelea vyenye badiliko la R561H, lile lile lililoonekana Rwanda, ambavyo huchelewa kuondoka kwenye damu dawa inapoingia. Dawa mseto bado inaponya, lakini kipimo cha damu cha siku ya tatu kimekuwa habari ya kusikilizwa.

Na artesuneti yenyewe ina deni linalodaiwa baadaye: wachache waliochomwa hupungukiwa damu ghafla, kati ya wiki ya kwanza na ya nne, wakati nyumbani homa imeshasahaulika. Kwa hiyo mama, sista akikuandikia tarehe ya kumrudisha mtoto kupimwa damu, mrudishe, hata kama siku hiyo anakimbiza kuku uani.