Nyasi Ndani ya Tuta

Machi, mvua zikielekea ukingoni, Wamatengo wa milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, hufyeka shamba lililopumzika. Nyasi na mabua hawayachomi moto. Huyaacha yakauke, kisha wanaume huyapanga mistari inayokatana mpaka mteremko wote uwe miraba. Wanawake hufuata na majembe: huchimba katikati ya kila mraba na kuufukia mstari wa nyasi pande zote nne. Hapo pamebaki shimo, na matuta yenye nyasi tumboni. Hiyo ndiyo ngoro, kilimo chenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Wengi huyasifu mashimo kwa kuzuia mmomonyoko, na ni haki yake. Mimi nastaajabia zaidi kilichofukiwa.

Udongo mwekundu wa milimani, uliooshwa na mvua karne kwa karne, una uchachu, na zinki yake kidogo hung'ang'aniwa na oksidi za chuma. Mahindi ya hekta nzima huhitaji zinki ya gramu mia chache tu, lakini yakiikosa, majani machanga hutoka na michirizi myeupe. Nyasi zikioza, vijidudu hutoa asidi, mojawapo ile iliyomo kwenye ndimu. Asidi hizo huishika zinki na kuisafirisha katika maji ya udongo hadi mzizini. Huifunga pia alumini, ambayo katika udongo mchachu hudumaza mizizi.

Lakini kuoza nako kuna madhara yake. Mabaki yakioza ndani ya maji, hewa ikakosekana, manganizi huyeyuka kwa wingi, na ikizidi huwa sumu kwa maharage. Tazama basi ustadi wa mikono ile: nyasi zimo kwenye tuta lililoinuka, maji ya ziada yako shimoni.

Na mpangilio wa mazao! Nyasi kavu zina nitrojeni haba, kwa hiyo mwanzoni vijidudu huinyang'anya ile ya udongo. Zao lililotangulia juu ya tuta ni maharage, ambayo hujipatia nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizi yake. Magugu ya palizi hutupwa shimoni, yakachanganyika na tope lililoletwa na mvua. Mahindi hayapandwi mpaka mwisho wa mwaka, nyasi zilizofukiwa zikiwa zimekwisha kulainika.