Buti Lisiloingia Maji: Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi

Ngagara, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, iko katika tambarare ya Imbo, kaskazini ya mto Ntahangwa, na mvua zake huanza aghalabu mwezi wa Oktoba zikaendelea, kwa kupumzika na kurejea, mpaka Mei. Kwa kuwa riziki ya wakazi wake wengi hupita katika magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, Corolla na Probox, yenye usukani upande wa kulia hali nchi yenyewe huendesha upande huohuo, buti la gari hapa limekuwa ghala. Humo hupakiwa mchele, unga, vitenge na ndagala wakavu, khasa tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wengi wakahamia soko la Ngagara, lile liitwalo Cotebu kwa jina la kiwanda cha nguo cha zamani. Mvua moja ya alasiri ikipenya butini humtia mwenye mali hasara isiyo na mdhamini. Na huo ndio wakati amwitapo fundi, na fundi humjia na kopo la silikoni mkononi.

Hapo mwenye gari na ajizuie kidogo, aifahamu sanaa yenyewe kabla hajaihukumu. Buti halikuundwa ili lishindane na maji. Tazama kifuniko cha Corolla: bawaba zake ziko upande wa kioo cha nyuma, basi kiinuliwapo baada ya mvua, maji yaliyotuama juu yake huteremka kuelekea kiooni. Mwundaji alilijua hilo tangu awali, akauzungushia mdomo wa buti mfereji mwembamba wa bati, ili maji yapokelewe humo, yapite pembeni, yakatokee nyuma juu ya bampa. Nje ya mpira uliovikwa ukingo wa mdomo huo ni njia ya maji, na ndani ya mpira ni pakavu. Hata jahazi lililokalafatiwa na mabingwa huvuja, na kwa sababu hiyo likawekewa ngama na watu wa kufuta maji. Fundi asiyejua hutaka kuziba kila kitu, na fundi bingwa hutafuta maji yatoke wapi.

Ndugu zetu Warundi walioko Montreal na Ottawa hupata mtihani uliozidi huu. Theluji haitiririki; hulala juu ya kifuniko na chini ya kioo kwa unene wa shubiri au zaidi, na mfereji uliokadiriwa kwa maji hauna nafasi ya kuipokea, hata mtu afunguapo buti kwa haraka lundo zima huporomoka ndani, likayeyuka polepole chini ya zulia. Dawa ya hilo haimo gereji: ni brashi ya mpini mrefu, na subira ya kufagia kioo kwanza, kifuniko baadaye, ndipo kufungua, na kwa gari ambalo mlango wake wa nyuma umening'inizwa paani, kama Probox, hufagiwa ukingo wa paa pia. Baridi yao hugandisha mpira ukashikamana na bati, na mwenye pupa akivuta huuchana, kwa hiyo wenye akili huupaka mafuta ya silikoni kabla ya majira hayo kuingia. Chumvi imwagwayo barabarani kuyeyusha barafu nayo hula bati kutoka chini. Na yeyote anunuaye gari lililoishi nchi za theluji, hapa au kwingineko, na amulike kwa tochi chini ya sakafu ya buti kabla ya kuisifu rangi yake.

Turejee Ngagara. Jambo la kwanza la kutazama katika kazi ya fundi ni ukingo wa bati ambao mpira umevikwa, wala si mpira wenyewe. Gari lililogongwa nyuma likanyooshwa kwa nyundo, mara nyingi ukingo wake hubaki na mawimbi yasiyoonekana kwa jicho ila huhisiwa kwa kidole. Chomoa mpira, pitisha kidole polepole kuuzunguka mdomo wote, na kila kinapopanda na kushuka jua kwamba mpira mpya, hata ungekuwa ghali namna gani, hautakaa sawasawa. Kisha tazama nafasi kati ya kifuniko na mbavu za gari: kama upande mmoja yaingia ncha ya kidole na upande wa pili hauingii hata ukucha, kifuniko kimekaa upande, na fundi aliyeanza kuziba kabla ya kurekebisha bawaba amefanya kazi kinyumenyume. Sumaku iliyofungwa kitambaa ikiteleza badala ya kunasa, hapo chini pana puti nene. Puti si haramu, ila juu ya kiungo cha mabati hupasuka, na ufa wake hunywa maji.

Mpira wenyewe upimwe kwa karatasi. Weka ukanda wa karatasi juu ya mpira, funga buti, uvute: ukitoka kwa ukinzani ulio sawa pande zote, kazi ni njema, ukichomoka bila kushikwa, hapo pana mwanya. Wengine hupaka chaki juu ya mpira, wakafunga na kufungua, wakasoma alama iliyoachwa chini ya kifuniko, nayo sharti iwe mstari usiokatika. Kiungo cha mpira kiwe chini karibu na kufuli. Akikiweka juu karibu na bawaba, pale maji yanapokusanyika, fundi huyo hakufikiri.

Sasa nije kwenye silikoni, maana hapa ndipo taksiri nyingi zilipo. Maji ya butini aghalabu hayaingii mdomoni: hupita kwenye mpira mwembamba wa taa za nyuma, kwenye taa ya breki iliyo juu, kwenye mpira wa nyaya za mlango wa Probox, kwenye ufa wa kiungo cha paa na ubavu, au kwenye vile vibawa vya kutolea hewa vilivyofichwa nyuma ya bampa. Fundi apakaye silikoni nyeupe kandokando ya taa bila kuifungua hakutibu kitu. Na azibaye vibawa vya hewa amelinyima gari njia ya kutolea hewa; naye atiaye silikoni hata kwenye tundu la mfereji amekwisha kuliharibu, kwa kuwa maji yatapanda mferejini mpaka yauvuke mpira. Mimi humwuliza fundi swali moja tu, kwamba ameacha matundu gani wazi na kwa nini. Asiyekuwa na jawabu, simpi funguo.

Wakati wa kuchagua fundi si masika. Kati ya Juni na Agosti, vumbi la Ngagara huingia mle mle yaingiamo maji, likachora njia yake juu ya rangi kwa uaminifu kuliko shahidi yeyote. Inua zulia, toa tairi ya spea, na michirizi ya vumbi itakuonyesha chanzo bila hata tone kumwagwa. Shimo la tairi likiwa na kutu ya duara, maji yalikaa humo muda mrefu, na rangi mpya iliyopakwa juu yake bila kukwangua ni udanganyifu wa waziwazi.

Kazi ikikwisha, mtu mwembamba mwenye tochi aingie butini kupitia viti vya nyuma, na mwingine amwage maji nje kwa mpira wa bomba, akianzia chini kwenye bampa na kupanda kidogo kidogo mpaka paani, akitulia kila mahali. Anayeanza juu huyachanganya maji yote na hatajua tundu lililovuja ni lipi. Gari likisimamishwa pua ikielekea milimani, nyuma ikawa chini, mtihani huwa mkali zaidi. Patana na fundi tangu mwanzo kwamba sehemu ya ujira itabaki mkononi mwako mpaka mvua ya kwanza ipite. Atakayekubali bila kunung'unika ndiye wa kumpelekea gari.