Buluu ya Kuazima

Mshororo wa tatu wa soneti ya Rainer Maria Rilke iitwayo "Blaue Hortensie", shairi kuhusu hidranjia ya buluu, unaishia kwenye jina la rangi hiyo. Msomaji anakabidhiwa buluu, kisha anaachwa nayo ukingoni mwa mshororo, sentensi ikiwa haijatimia. Mshororo wa nne unaanza kwa kukanusha: vishada vile vya maua havikuibeba rangi hiyo, vinaiakisi tu kutoka mbali. Mshororo usiojitosheleza kwa maana, ukabaki unaning'inia hadi ule unaofuata, sisi huuita mshata, na kanuni za jadi za ushairi wetu haziupendi. Hapa umshata ndio hoja yenyewe. Maana ingetimia ndani ya mshororo mmoja, tungepata taarifa tu kwamba ua hili halina rangi yake. Kwa kuukata pale alipoukata, Rilke anatufanya tuimiliki buluu kwa kitambo, halafu tuikose.

Aliliandika shairi hili Paris mwezi Julai 1906, miezi miwili hivi baada ya kuachishwa kazi ya ukatibu kwa mchongaji Auguste Rodin, na likatoka mwaka 1907 katika kitabu chake cha Neue Gedichte. Wahakiki huyaita mashairi ya kipindi hicho mashairi ya vitu: mshairi anakikodolea kitu macho mpaka kitu kiseme, kama alivyomwona Rodin akifanya na udongo wa mfinyanzi. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini imerudiwa hadi ikaficha jambo. Kitu kinachotazamwa hapa hakishikiki. Yule chui maarufu wa shairi jingine la kitabu hichohicho ana mwili na ana vyuma vya kizimba mbele yake. Hidranjia hii ina rangi tu, na rangi yenyewe i njiani.

Mtu aliyekuza hidranjia chunguni ataliona hilo haraka kuliko profesa. Hydrangea macrophylla, mmea wenye asili ya Japani, hauna rangi mbili ndani yake. Ua la buluu na ua la waridi hutumia kemikali ileile moja ya rangi, anthosianini. Udongo ukiwa na asidi, pH ikashuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo udongoni huyeyuka, mizizi huinywa, na inapofika kwenye ua ikaungana na anthosianini, buluu hutokea. pH ikipanda kupita 6.5, alumini hufungika na ua hurudi kuwa la waridi. Ndiyo maana aina fupi za siku hizi, zile zisizozidi mita moja, zilizokusudiwa ukingo wa bustani na vyungu vya barazani, huuzwa zikiwa buluu tupu na baada ya muda zikaanza kumsaliti mnunuzi. Udongo wa chungu ni kidogo. Maji ya bomba yenye chokaa huubadili taratibu, na mbolea yenye fosforasi nyingi huikamata alumini isipande. Mkulima anayeijali buluu yake hukinga maji ya mvua, hutia salfeti ya alumini kwa kipimo, na kijumba chake cha mbolea hakina chokaa. (Aliyekulia jirani na mashamba ya chai, Limuru au Mufindi, hana haja ya hangaiko hilo: udongo unaoifaa chai ndio unaoifaa buluu.) Kwa hiyo mshororo wa nne, ambao wasomaji wengi huupokea kama pambo la kishairi, ni karibu sana na kemia. Buluu ya hidranjia kweli imeazimwa. Rilke hakuhitaji kuisoma kemia hiyo. Aliijua kwa jicho.

Tutazame vina. Soneti hii ina beti nne: mbili za mishororo minne kama tarbia zetu, mbili za mishororo mitatu kama tathlitha. Neno la buluu kwa Kijerumani, Blau, linaishia kwa sauti -au, na sauti hiyo inashika vina vinne kati ya vinane vya beti mbili za kwanza. Lakini angalia buluu imepangwa na akina nani. Kina kinachoitangulia ni cha ukavu na ukwaruzi wa majani. Kinachoifuata ni cha kitu kisicho sahihi, kilichokosewa. Cha mwisho ni kijivu. Buluu haipati hata sauti ya peke yake. Inaikuta tayari imetumiwa na jani kavu, na inaiacha mikononi mwa kijivu. Mishororo hiyo minne pia ina mizani kumi, pungufu kwa mizani moja kuliko wenzake wa beti hizo, ikikatika kwa silabi yenye mkazo. Kila kina cha buluu kinaposikika, mshororo unafika mwisho mapema.

Kati ya ubeti wa kwanza na wa pili kuna ufundi ambao msomaji wa Kiswahili anautambua papo hapo. Kitenzi cha kuakisi kinaufunga ubeti wa kwanza, na hichohicho kinaufungua wa pili. Hilo ni pindu, au mkufu, mbinu ambayo malenga wa pwani wameitumia kuunganisha ubeti na ubeti. Kwa kawaida pindu hutia nguvu: neno linarudi likiwa limeshamiri. Kwa Rilke linarudi likiwa limechoka. Kuakisi kule kwa pili kuna machozi na hakuna umakini, kana kwamba ua linataka kuipoteza tena rangi ambayo hata haikuwa yake. Kioo kimekitazama kioo kingine, na kilichopotea njiani ni rangi.

Kisha sentensi inakataa kutii umbo. Soneti ya kawaida hutua baada ya mshororo wa nane. Hii hainyamazi, inavuka kwa nuktamkato na kuendelea mpaka wa kumi na moja, kwa hiyo mgawo wa sentensi ni nne, saba, tatu. Ndani ya ile saba, mishororo ya tisa na kumi karibu haina tendo. Kuna sifa zilizosimama peke yake: kilichochuja kwa kufuliwa kama aproni ya mtoto, kisichovaliwa tena. Na kitenzi pekee kinachojitokeza hapo kinasema kwamba hakuna tena linalotokea. Sarufi imepauka pamoja na ua. Na ua hupauka hivyo kweli, kwa sababu zile tunazoziona kuwa petali za hidranjia ni sepali. Ua halisi ni kijidoa katikati. Petali hudondoka, sepali hubaki kikonyoni kwa majuma mengi zikichuja, zikipitia zambarau, manjano na kijivu, rangi zilezile ambazo Rilke anaziona kama kwenye karatasi kuukuu za barua.

Mshororo wa kumi na moja ndio ninaougombania. Hapo mshairi anaacha kutazama, anatuambia tuhisi ufupi wa maisha madogo. Tulikuwa tumeshahisi. Nashuku pia kwamba kina ndicho kilichoagiza: aproni na ufupi vinalingana sauti kwa Kijerumani vizuri kupita kiasi, na nani ajuaye kama aproni haikuletwa ili ufupi upate pa kukaa. Mtunza bustani ana ubishi wa ziada. Hidranjia ni kichaka kinachoishi miaka mingi, na kwa aina nyingi machipukizi ya maua ya mwaka ujao hujijenga kwenye matawi ya mwaka huu, ndiyo maana anayeyapogoa majira ya kuchelewa huyakata maua ambayo hajayaona. Ufupi ni wa rangi, siyo wa mmea.

Mpinduko unakuja katika mshororo wa kumi na mbili, umechelewa, na mimi naona umefanikiwa kwa sababu mbili zilizofichika. Ya kwanza ni mahali. Kina cha -au kimetoweka kabisa katika tathlitha zote mbili. Buluu inaporudi, mara mbili, hairudi kwenye kina. Inakaa ndani ya mshororo, ikizungukwa na maneno mengine. Imeachana na jani kavu, kosa na kijivu. Ya pili ni mshata. Mshororo wa kumi na tatu unaishia kwenye kuona, bila kusema kinachoonwa, na wa kumi na nne unaitoa buluu. Ni mkato uleule wa mshororo wa tatu, safari hii umegeuzwa: kule mkato ulitoa kisha ukanyang'anya, hapa unasubirisha kisha unatoa.

Kurudi huko kwa buluu kunatokea katika kishada kimoja tu, na hilo nalo ni la bustanini, kwani kichaka kimoja kinaweza kubeba vishada vya buluu tofauti kwa kadiri kila tawi lilivyopata alumini. Kinachofurahi mwishoni si ua. Ni kitu cha buluu, bila jina la mmea, mbele ya kijani. Kijani kilianza shairi kikiwa masalia ya rangi yaliyokaukia chomboni; sasa kimekuwa ukuta ambao buluu inauhitaji ili ionekane.

Baadaye Rilke aliandika "Rosa Hortensie", kuhusu hidranjia ya waridi, likatoka mwaka 1908 katika sehemu ya pili ya kitabu. Chokaa kidogo ingetosha kuligeuza ua la kwanza kuwa la pili, lakini umbo ni jingine: mishororo kumi na miwili, beti tatu, na sehemu kubwa ni maswali kuhusu nani anaipokea rangi inapoondoka. Soneti huhitaji kauli iliyosimama ili ipinduliwe. Ua la waridi halikuwa na kauli, na neno la mwisho linachukuliwa na kijani kilichokuwa chini, kikisikiliza.