Kopo Lililo Kati ya Redio na Kompyuta

Juu ya meza yangu hapa Gatitu, Nyeri, pana kopo la rangi ya viatu. Waya mmoja unatoka humo kwenda kwenye redio, mwingine kwenda kwenye kompyuta. Mgeni akiingia huishangaa redio, taa zake na kitufe chake kikubwa cha kuzungusha. Mimi nalisifu kopo.

Anayeanza redio ya ridhaa hudhani ni kazi ya waya tu: sauti itoke huku, iingie kule. Nami nilianza hivyo. Tundu la maikrofoni la kompyuta likajaa mvumo wa umeme, na kila niliporusha ujumbe kompyuta iliganda. Redio ya wati 100 ilikuwa ikiimwagia nguvu zake kupitia waya niliouchomeka kwa mkono wangu. Ndipo nilipoelewa kwamba fundi anatakiwa kuifanya mitambo hii isikizane bila kugusana.

Ndani ya kopo mna transfoma mbili, kila moja kama ncha ya kidole gumba, nilizozitoa kwenye modemu kuukuu za laini ya simu. Katika kila moja nyuzi mbili za shaba zimezungushiwa kiini kimoja, na hakuna mahali uzi unapomgusa mwenziwe. Sauti huvuka kwa nguvu ya sumaku. Umeme unaozurura hubaki ulikotoka. Kando yake kuna kidude cheusi chenye miguu minne, kilichotoka kwenye chaja mbovu. Humo mna taa na jicho, vimefungiwa gizani pamoja. Kompyuta ikitaka kusema, taa huwaka. Jicho likiiona, redio huanza kurusha. Kukilehemu kunataka mkono mwepesi, maana joto likizidi kimekufa.

Mtindo niupendao wa kurushiana ujumbe kwa redio na kompyuta ni FT8, uliotolewa mwaka 2017 na Wamarekani Joe Taylor na Steve Franke. Taylor ndiye mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa kazi yake juu ya nyota zinazopiga mapigo ya redio, na uzoefu wa kusaka mawimbi hafifu unaonekana humu. Milio minane hupokezana kwa sekunde 12.64 ndani ya zamu ya sekunde 15, kisha unanyamaza umsikie mwenzio. Saa ya kompyuta ikipotoka sekunde chache tu, hupati jibu. Ujumbe ni mfupi: alama ya kituo chako, ambayo kwa Kenya huanza na 5Z, na mraba wako wa ramani. Wetu ni KI89, unaokomea ikweta na kukibeba kilele cha Mlima Kenya. Nairobi wao wako KI88.

Waya zikishakaa sawa, inabaki kazi ya sikio na subira: kupunguza sauti. Ukiizidisha, milio ile huzaa mingine isiyohitajika, nayo huwavuruga wengine waliomo kwenye masafa yaleyale. Redio ina mshale unaoonyesha sauti imepita kiasi. Naishusha sauti mpaka mshale ulale kabisa, halafu naishusha kidogo tena. Kituo kinachorusha hivyo husikika safi hata Ulaya, na nakiheshimu kuliko chenye mlingoti mrefu.

Nyeri ina sababu yake ya kuijali kazi hii. Baden-Powell, mwasisi wa uskauti, alifia hapa tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake lipo mjini. Tangu 1958 maskauti wa dunia hukutana kila mwaka kwa redio za ridhaa, siku hizi mwezi wa Oktoba, katika Jambori ya Angani.

Basi walezi wa maskauti wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, msitupe chaja mbovu wala modemu za zamani. Zichomoeni kwenye umeme, ziacheni siku nzima, kisha wapeni vijana bisibisi mkiwa mmesimama nao. Leseni ya kurusha huombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kopo wanaweza kulianza Jumamosi hii.